Subira si kuacha haki: Nyumba imeharibiwa na tufani, bima imekataa kulipa

TAREHE 15 Aprili, 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga kikubwa. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini zilizama au kutupwa ufukweni, nyumba ziliharibika, na sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya kisiwa ililala chini. Pemba haikuumia kiasi hicho, na ndiyo iliyokuja kushika nafasi ya kwanza katika karafuu. Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili katika utawala. Mwenye shamba na mwenye jahazi, kila mmoja aliamka asubuhi akahesabu kilichobaki, akamshukuru Mola wake kwa uhai, akaanza upya. Hakukuwa na mahali pa kwenda kudai.

Leo hali ni tofauti. Wapo wakazi wa Mji Mkongwe, Ng'ambo na vitongoji vya Unguja ambao kila mwaka hulipa ada ya bima ya nyumba. Wengine wamekata kwa hiari yao, wengine kwa sababu benki iliyowakopesha fedha za kujengea iliwataka wafanye hivyo. Wanalipa wakiamini kuwa siku upepo ukiondoa paa, watakuwa na pa kushika. Na upepo haujatuaga. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia, pwani yote ilikaa roho mkononi.

Sasa tujiulize: mtu amelipa ada miaka sita, upepo umekuja, mabati yameruka, mvua imeingia, dari imeanguka. Amepeleka dai lake. Baada ya wiki kadhaa inakuja barua fupi yenye lugha ya heshima ikimwambia kwamba kampuni inasikitika, dai halilipiki, kwa kuwa uharibifu umetokana na uchakavu wa nyumba na si tufani. Afanye nini?

Wengi wetu huikunja barua ile, tukasema ndiyo riziki yetu, tukaenda kukopa kwa ndugu. Makala hii inataka kusema jambo moja tu: barua ya kukataliwa ni kauli ya upande mmoja wa mkataba. Si hukumu. Anayeipokea ana haki ya kuijibu, na ipo njia ya kuijibu.

Subira na kunyamaza ni vitu viwili

Kuharibikiwa na nyumba ni mtihani kutoka kwa Allah (s.w.), na Muislamu anausubiria. Lakini kunyimwa unachostahiki kwa mujibu wa mkataba ni kitendo cha binadamu, na binadamu huulizwa. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inawataka waumini watimize mikataba, na amri hiyo haikumtoa mwenye ofisi akamwacha mwenye nyumba. Aidha aya ya 188 ya Surat al-Baqara inakataza watu kulana mali zao kwa batili. Anayezuia fidia ya mtu bila ya haki anaingia humo. Na anayedai fidia ya kitu ambacho tufani haikukigusa, naye anaingia humo humo.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, mwenye nyumba ajihesabu nafsi yake kwanza. Kama boriti ilishaoza na paa lilikuwa likivuja tangu mwaka juzi, asiufanye upepo wa juzi kuwa kisingizio. Lakini kama anajua kwa yakini kuwa upepo ndio uliomtia hasarani, asione haya. Kudai haki kwa ukweli hakumpunguzii mtu uchamungu wake.

Fungua mkataba kabla ya kufungua mdomo

Hatua ya kwanza ni kusoma hati ya bima yote, pamoja na viambatisho vyake. Kama hati iko benki, nenda ukaombe nakala. Ni mkataba wako na ada imetoka mfukoni mwako.

Ndani yake tafuta mambo manne.

La kwanza, je, tufani imo? Wengi wanadhani bima ya nyumba ni bima ya kila kitu. Bima ya moto ya kawaida msingi wake ni moto na radi. Tufani, mafuriko na tetemeko la ardhi mara nyingi huongezwa kama hatari za ziada, na kila moja hutajwa kwa jina lake. Anaweza mtu akawa na tufani bila ya mafuriko. Maji yaliyoshuka kutoka juu kupitia paa lililong'oka ni jambo moja, na maji yaliyopanda kutoka barabarani yakaingia mlangoni ni jambo jingine.

La pili, tufani imeelezwaje? Hapa ndipo watu huchanganywa. Kampuni inaweza kusema kwamba siku ile Mamlaka ya Hali ya Hewa haikutangaza kimbunga. Lakini kimbunga ni aina moja tu ya dhoruba. Kama mkataba umeandika tufani au upepo mkali, basi kinachotakiwa kuthibitishwa ni tufani au upepo mkali, wala si kimbunga. Kama umetaja kasi maalumu ya upepo, hapo itabidi uithibitishe kasi hiyo. Nchini Uingereza, kwa mfano, jumuiya ya kampuni za bima hutumia kipimo cha upepo wa ghafla wa kiasi cha kilomita 88 kwa saa. Mkataba wako ukikaa kimya kuhusu kipimo, usikubali kubebeshwa kipimo ambacho hakikuandikwa.

La tatu, ni mambo gani yametengwa? Uchakavu, kuoza, kuliwa na mchwa na ukosefu wa matengenezo hutengwa karibu katika kila mkataba. Vivyo hivyo nyumba iliyoachwa tupu kwa muda mrefu. Hili liwaangaze jamaa walioko Muscat, Dubai au London ambao nyumba zao hapa zimefungwa makufuli.

La nne, ni muda gani umepewa? Mikataba humtaka mwenye bima atoe taarifa mapema, na mingi huweka kikomo cha muda wa kupinga uamuzi. Andika tarehe hizo ukutani uzione kila siku.

Upepo au uchakavu?

Hili ndilo fundo la ugomvi wote, na kwa Mji Mkongwe lina uzito wa peke yake. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hii, ikitunzwa, husimama karne na zaidi. Ikiachwa ikanywa maji, boriti huoza mahali zilipoingia ukutani, pasipoonekana. Tuliona somo hilo tarehe 25 Desemba, 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kipande kingine cha jengo hilo hilo kilikuwa kimeshaanguka. Jengo huchoka polepole na huanguka kwa siku moja.

Kwa hiyo kampuni inapouliza habari za uchakavu, swali lenyewe ni la haki. Kisicho cha haki ni kulifanya neno "nyumba ya zamani" kuwa jibu la kila dai. Kampuni ilijua umri wa nyumba ilipopokea ada. Haiwezi kuipokea nyumba ikiwa kongwe wakati wa kuchukua fedha, kisha ikaukataa ukongwe wake wakati wa kutoa.

Sheria ya bima tunayofuata katika Afrika Mashariki, ambayo asili yake ni Uingereza, hutazama sababu iliyo karibu zaidi na yenye nguvu, ile iliyoanzisha mfululizo wa mambo mpaka hasara ikapatikana. Tuchukue mifano miwili.

Upepo umeng'oa mabati manne usiku. Mvua imeingia kwenye tundu lile, dari imelowa, asubuhi dari imeanguka juu ya kitanda. Kilichovunja kitanda ni dari, kilicholowesha dari ni mvua, lakini kilichoanzisha yote ni upepo. Hasara hiyo ni ya tufani.

Mfano wa pili: paa limekuwa likivuja misimu mitatu, fundi alishasema boriti mbili zibadilishwe, hazikubadilishwa. Masika imekuja na mvua ya kawaida, sakafu imeshuka. Hapo mvua imekuta kazi imekwisha. Hasara hiyo ni ya uchakavu, hata kama siku ile ilinyesha.

Baina ya mifano hiyo miwili ndipo madai mengi yalipo, na ndipo penye haja ya utaratibu. Ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya fedha ya Uingereza, inapoletewa shauri la tufani, huuliza maswali matatu: Je, kweli palikuwa na tufani siku hiyo? Je, uharibifu huu ni wa aina ambayo tufani huufanya? Je, tufani ndiyo iliyokuwa sababu kuu? Maswali haya yanamfaa mtu wa Kiponda kama yanavyomfaa mtu wa London. Yapange majibu yako kwa mpangilio huo, na barua yako itakuwa na nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Nani alete ushahidi?

Kila aliyekaa darsa anaijua kanuni ya Mtume (s.a.w.) kwamba dalili humlazimu mwenye kudai. Sheria ya bima nayo haiko mbali na hapo. Mwenye nyumba ndiye wa kuthibitisha kwamba alipata hasara na kwamba ilitokana na tufani. Akishathibitisha hayo, na kampuni ikasema kuwa jambo hili limo katika yaliyotengwa, sasa kampuni ndiyo inayodai, na ni juu yake kuleta dalili. Haitoshi kuandika "uchakavu". Ioneshe uchakavu upi, mahali gani, nani aliuona, na umesababishaje hasara hii.

Ndiyo maana ombi la kwanza la kuandika ni hili: nipeni nakala ya ripoti ya mkadiria hasara wenu, na mnioneshe kifungu cha mkataba mnachokitegemea. Ukiipata ripoti, isome kwa makini. Je, mkadiria alipanda juu ya paa au alitazama kutoka uani? Alikuja baada ya siku mbili au baada ya miezi miwili, wakati mvua nyingine zimeshapita? Picha zake zinaonesha boriti iliyooza au iliyovunjika ikiwa nzima? Boriti iliyovunjika ikiwa na moyo mzima na boriti iliyooza haziwezi kufanana, na fundi yeyote wa Mji Mkongwe atakuonesha tofauti kwa kidole.

Na wewe kusanya vyako:

Picha za siku ile ile, kabla ya kusafisha. Zuia maji yasiendelee kuingia, kwani mkataba unakutaka upunguze hasara, lakini usitupe mabati yaliyojikunja wala vipande vya boriti.

Taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo ina ofisi Zanzibar.

Barua ya sheha, ikitaja tarehe na nyumba nyingine zilizoathirika katika shehia. Kama nyumba tano za mtaa mmoja zimeng'oka mabati usiku mmoja, ni vigumu kusema kuwa zote zimechakaa kwa saa moja.

Risiti na kumbukumbu za matengenezo. Hizi ndizo zinazoua hoja ya uchakavu. Mwenye kuonesha kuwa alibadilisha mabati miaka mitatu iliyopita ameshamaliza nusu ya ubishi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imetufundisha kuandika mambo ya mali, sisi tunalipana na mafundi kwa mdomo.

Maelezo ya kitaalamu ya fundi au mhandisi mwingine asiyekuwa wa kampuni.

Nyumba ni ya nani?

Lipo jambo linaloua madai mengi kimya kimya. Bima humlinda mwenye maslahi katika mali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mirathi ambayo haijagawiwa, na nyingine ni za wakfu au za Serikali. Kama hati bado ina jina la marehemu, kampuni inaweza kuuliza unadai kwa haki ipi. Warithi wakamilishe taratibu za mirathi na kuijulisha kampuni mapema, wasingoje mpaka paa liruke. Anayepanga nyumba ya wakfu anaweza kuwekea bima vyombo vyake vya ndani. Jengo lenyewe ni dhamana ya msimamizi wa wakfu, na huko ndiko pa kuuliza kama limewekewa bima.

Kukubaliwa nusu nako ni kukataliwa nusu

Wakati mwingine kampuni haikatai moja kwa moja, ila hulipa kidogo. Usikasirike kabla ya kupiga hesabu. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kunagharimu shilingi milioni 120, lakini wewe, ili ada iwe ndogo, uliiandikisha kwa milioni 60. Hasara ya tufani ni milioni 20. Mikataba mingi husema kwamba aliyekata bima ya nusu atalipwa nusu, yaani milioni 10. Kisha hutolewa kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila hasara, tuseme laki tano. Utapokea milioni tisa na nusu. Hapo hujadhulumiwa. Hayo ndiyo masharti uliyoyatia saini, na Waislamu hufungwa na masharti yao maadamu hayahalalishi haramu.

Lakini iko hesabu inayostahiki kupingwa. Nyumba ya Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, haikarabatiwi apendavyo mtu. Kazi inahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na inatakiwa ifuate chokaa na mbao. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani na kuudhuru. Kama kampuni imekadiria kwa bei ya saruji na tofali, wapelekee makisio ya fundi wa chokaa pamoja na masharti ya Mamlaka, na uwaulize nyumba hii itarudishwaje kama ilivyokuwa. Na usisaini karatasi yoyote inayosema umepokea malipo ya mwisho kabla hujaridhika.

Milango ya kugonga

Mlango wa kwanza ni kampuni yenyewe. Andika barua kwa meneja wa madai. Weka namba ya mkataba, tarehe ya tufani, sababu waliyoitoa, jibu lako kwa sababu hiyo, orodha ya vielelezo, na unachokitaka. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ugomvi wa simu hauachi athari.

Kama bima uliikata kupitia wakala au dalali wa bima, mshirikishe. Yeye ndiye aliyekueleza kuwa tufani imo.

Mlango wa pili ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ina ofisi Zanzibar na ndiyo inayozipa kampuni leseni. Mlango wa tatu ni Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahkamani kwa kila mgogoro. Huko utaulizwa kwanza kama uliilalamikia kampuni na ikajibu nini, ndiyo maana barua yenye muhuri ni muhimu.

Mlango wa mwisho ni mahkama. Baadhi ya watu huuliza kama shauri hili laweza kwenda kwa Kadhi. Mahkama za Kadhi za Zanzibar zina mamlaka katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Mgogoro wa bima ni wa mahkama za kawaida. Kabla ya kufika huko, linganisha gharama ya wakili na kiasi unachodai.

Na takaful je?

Yupo atakayesema kuwa tabu yote hii ni ya bima ya kibiashara. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah Desemba 1985, lilikataa bima ya kibiashara na likaikubali ya kusaidiana. Sudan ilikuwa imeshatangulia kwa kampuni yake ya takaful mwaka 1979. Hapa Tanzania TIRA ilitoa miongozo ya takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, nalo limeingia katika njia hiyo kwa ZIC Takaful. Ni jambo la kheri.

Lakini takaful nayo ina mkataba, ina mambo yaliyotengwa, na ina mkadiria hasara. Boriti iliyooza haiwi nzima kwa sababu mfuko ni wa Kiislamu. Tofauti ni uzito wa amana. Katika takaful mfuko ni wa wachangiaji wenyewe, kwa hiyo anayezidisha dai lake anachukua mali ya ndugu zake, na msimamizi anayekataa dai la kweli anamnyima ndugu kile ambacho wenzake walikwishakitoa kwa ajili yake. Maswali yale matatu ya tufani yanabaki vile vile, na haki ya kuuliza "kwa kifungu kipi?" inabaki vile vile.

Ndugu msomaji, kabla ya masika ijayo chukua nusu saa. Itoe hati ya bima kabatini, tazama kama tufani imo, tazama nyumba imeandikwa kwa jina la nani na kwa thamani gani. Panda juu, piga picha za paa likiwa zima, weka risiti ya fundi pamoja nazo. Aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee kwa Mola wake (s.a.w.) ametutosheleza katika mlango huu. Na ikiwa barua ya kukataliwa imeshafika mkononi mwako na unajua kuwa unasema kweli, usiikunje. Ijibu.

Wabillahi tawfiq.